Kwanza Maji: Maisha ya Lonappan Devassy wa Manjakkunnu

Ndugu, jirani, marafiki, na wewe kijana wa kampuni uliyesimama pale langoni kwa makaburi ukijifanya unasoma simu: huyu tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 21 Aprili 2023, ni Lonappan Devassy, na hakuwa mwizi. Tunajua wasifu wa marehemu huanza na kuzaliwa kwake. Lakini gazeti lilitutangulia kwa kuanza na wizi, kwa hiyo familia imeona tulimalize hilo kwanza, halafu twende kwa utaratibu.

Lonappan alizaliwa tarehe 14 Februari 1958 hapa hapa Manjakkunnu, katika nyumba ile ambamo jeneza lake limetoka asubuhi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Devassy, seremala, na marehemu Kunjila. Wa pili ni Porinju, huyu anayewasomea. Wazee wote mnamkumbuka Mama Kunjila na banda lake la maji. Kila kiangazi, tangu Kwaresima hadi mvua za kwanza, alijenga kibanda cha makuti kando ya barabara, akapanga mitungi mitatu: miwili ya maji, mmoja wa maziwa mgando yaliyozimuliwa, yakatiwa tangawizi, pilipili mbichi na chumvi. Aliyepita alikunywa, akaenda zake. Mabanda ya namna hiyo yalikuwa mengi katika barabara hii enzi hizo. La Mama Kunjila lilikuwa na sheria yake, naye aliwafundisha wanawe kabla hawajajua hata Baba Yetu: "Mwenye kiu haulizwi katoka wapi. Kwanza maji, maswali baadaye."

Mwaka 1964 Lonappan alianza shule ya msingi ya parokia, akasoma hadi darasa la saba. Hakuwa hodari wa vitabu, na familia haitamsingizia. Tena kila kiangazi alichelewa, kwa sababu mitungi lazima ijazwe jua halijapanda. Mwalimu wa hesabu alimchapa viganja mpaka vikavimba. Siku moja mchana mwalimu huyo huyo alipita kwenye banda akitweta, jasho limemlowesha shati, akaomba maji. Lonappan akamchotea kata ya kwanza, akamchotea ya pili, akangoja amalize. Kisha akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, haya ndiyo yaliyonichelewesha." Mwalimu alicheka hadi yakampalia. Toka siku hiyo hakumchapa tena kwa kuchelewa, alimchapa kwa hesabu tu.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha vigae, akafanya kazi kwenye tanuri miaka ishirini na sita mpaka kiwanda kilipofungwa. Wengi wenu mnalala chini ya vigae vilivyopita mikononi mwake. Baada ya hapo alilima migomba katika kishamba cha nyuma ya nyumba na kuuza ndizi sokoni. Alikuwa mbishi, na hili pia tuliseme. Mwambie leo kuna baridi, atavua shati. Dereva mmoja wa basi aliyekuwa akisimama bandani kila asubuhi alizoea kumchokoza: "Mzee Lonappan, leo umetia chumvi kama unakaanga samaki!" Naye alimjibu, "Kunywa kwanza, utanitukana ukiwa na nguvu." Dereva huyo yupo hapa leo, na basi lake ameliegesha vibaya kama kawaida yake.

Tarehe 7 Mei 1984 alifunga ndoa na Thresiakutty, binti wa mpishi wa shughuli za harusi. Gari la maharusi lilipotoka kanisani, Lonappan alilisimamisha kwenye banda, akateremka na nguo zake nyeupe, akakagua mitungi, akakuta mmoja umekauka, akaenda kisimani. Wapiga ngoma walisimama barabarani wakimngoja. Bibi harusi alichungulia dirishani akauliza, "Jamani, nimeolewa na mtu au na mtungi?" Swali hilo aliendelea kuuliza miaka thelathini na minane, na kila kiangazi ndiye aliyekata tangawizi. Mungu aliwajalia binti mmoja, Jincy, ambaye ni muuguzi huko Maskati.

Sasa tunafika kwenye barabara, na hapa paroko wetu, Padre Varkey, juzi aliomba tupunguze maneno. Alikuja nyumbani, akausoma wasifu huu, akavua miwani.

"Porinju, mwanangu, kaburini hapasomwi mashtaka."

"Basi, Baba, yasomwe wapi? Polisi wameshatupa yao tayari."

"Nakuelewa. Lakini watu wanakuja kuomboleza."

"Na sisi tunaomboleza, Baba. Hivi ndivyo kwetu tunavyoomboleza."

Padre alivaa miwani yake, akasema basi angalau tusitukane. Tumemtii. Hakuna tusi humu, ingawa yapo mawili tuliyoyapenda sana.

Mwaka 2016 barabara ilipanuliwa, ikala nusu ya ua wetu. Lonappan hakugomba. Alirudisha banda nyuma, mitungi akaisogeza, kazi ikaendelea. Alichogombea ni kona. Barabara pana, magari yanatoka mlimani mbio, halafu ghafla kona, mbele ya nyumba za watu. Alikwenda ofisi ya barabara na majirani wakaeleza. Bwana mmoja alikuwa anakunywa chai, akawaambia bila kuiweka chini, "Mzee, kona haiui. Kinachoua ni mwendo." Tangu siku ile mpaka leo kona hiyo imegharimu roho nyingi, na bwana yule bado anakunywa chai.

Jumanne tarehe 11 Aprili, siku mbili baada ya Pasaka, saa nne na nusu asubuhi, Lonappan alikuwa bandani akiosha kata. Lori la tangi liliteremka mlimani, likashindwa kona, likapinduka ng'ambo ya mtaro mbele ya macho yake. Halikuwaka moto. Kitu kizito kama mafuta kilianza kuvuja kwenye koki, kikafanya dimbwi kwenye lami, na dimbwi likafuka moshi mwembamba. Dereva, kijana mmoja wa jimbo la mbali la Jharkhand aitwaye Sukhram, alitambaa kutoka dirishani, kifua na mikono vimelowa kitu hicho, akipiga kelele apewe maji. Hakujua amebeba nini. Alikabidhiwa ufunguo na karatasi ya safari, akaambiwa awahi.

Lori la namna ile hutakiwa kuwa na alama ya hatari ubavuni, kubwa, ya kuonekana na kila mtu. Lilikuwa nayo. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu juu yake, rangi nzuri, mipako miwili, kwa sababu malori yenye alama hiyo hayaruhusiwi kupita kwetu mchana. Hulazimika kuzunguka mbali, na kuzunguka ni hasara. Sasa tuwaulize nyinyi wenye akili zenu: mtu aliyelelewa kwenye banda la maji, akiona binadamu anaungua na kulia maji, afanye nini?

Lonappan alichukua ndoo mbili za bandani, nyekundu zote mbili, akakimbia na miaka yake sitini na mitano. Wenye ndoo majumbani aliwaita, "Leteni maji!" Ndoo ya kwanza alimmwagia Sukhram usoni na kifuani, akamkokota hadi upande wa pili wa mtaro. Madaktari wamesema maji yale ndiyo yaliyomwokolea macho. Kisha akarudi, akauona moshi, akadhani gari linataka kushika moto, akalimwagia lile dimbwi ndoo ya pili. Ilikuwa asidi, ya aina ambayo haipatani na maji hata kidogo. Ilichemka, ikalipuka, likapanda wingu jeupe lililofunika kona nzima. Subair, fundi wetu wa kuziba pancha, aliyeitikia wito akaja na ndoo yake, alianguka pale pale asiinuke. Amezikwa msikitini kwao Jumatano ya wiki iliyopita, na Lonappan, akiwa kitandani, alimwulizia kila alipoamka. Hatukumwambia.

Hatusemi Lonappan hakukosea. Alikosea. Lile kosa angelifanya Mama Kunjila, angelifanya yeyote kati yenu aliyewahi kunywa pale. Lakini kosa la mtu asiyejua halilingani na kosa la mtu aliyenunua rangi.

Hospitalini daktari aliuliza jambo moja tu: alivuta nini? Jincy, aliyepanda ndege ya kwanza kutoka Maskati, alipiga simu kwenye kampuni yenye lori. Akaambiwa apige baadaye. Akapiga. Akaambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Muuguzi mzima, anayejua kila saa ina maana gani kwa mapafu ya mtu, anasikilizishwa muziki wa simu! Kampuni iliitaja ile asidi Alhamisi jioni. Lakini Jumatano asubuhi ilikuwa imeshapata nafasi ya kumwambia mwandishi wa gazeti kwamba wanakijiji walivamia lori na ndoo ili kukinga mafuta. Picha ilikuwepo: ndoo nyekundu imelala kando ya tangi. Polisi nao wakaiokota ndoo ile, wakaifunga lebo, na mpaka leo iko kituoni kama ushahidi wa wizi.

Lonappan alisomewa gazeti. Jincy alitaka kulificha, lakini mgonjwa wa kitanda cha jirani alishalisoma kwa sauti. Lonappan aliondoa barakoa ya hewa akasema kwa shida, "Nikinge mafuta ya nini? Hata pikipiki sina." Akacheka, akakohoa, Jincy akamrudishia barakoa. Baadaye alimwita mkewe karibu. "Thresia, mitungi imejazwa?" Akajibiwa imejazwa. Hiyo haikuwa kweli wakati ule, lakini Thresiakutty alirudi nyumbani jioni ile ile akaijaza. Lonappan alifariki Jumatano tarehe 19 Aprili, saa kumi na moja alfajiri, mapafu yakiwa yamekwisha.

Jana, maiti ikiwa sebuleni, alikuja bwana mmoja wa kampuni na shada la maua, kubwa kuliko mlango. Thresiakutty aliinuka kwenye mkeka.

"Lilibeba nini lori lenu siku ile, na nani alipaka ile rangi?"

"Mama, poleni sana. Suala hilo liko chini ya uchunguzi."

"Basi na shada lako likae chini ya uchunguzi. Liweke nje."

Liliwekwa nje. Mbuzi wa jirani amelishughulikia.

Kuna jambo moja zaidi. Sukhram alipoanza kupata nafuu, mwajiri wake alimtumia mtu wodini kumwambia aseme watu walikuja kuiba, na kwamba akikaidi asitegemee kuendesha gari tena. Kijana hana ndugu huku, mikono yote imefungwa bendeji, kwao wanamtegemea yeye. Jumatatu polisi walikuja kuchukua maelezo, na Jincy alikuwa amesimama mlangoni. Sukhram aliwaambia, "Niliomba maji, mzee akanipa. Hata jina hakuniuliza. Mkiandika kingine, andikeni wenyewe, mimi siweki dole gumba." Yupo hapa leo, pale nyuma, na bendeji zake. Geukeni mumwone, na mumpishe aje mbele, kwa sababu mahali pake ni pamoja na familia.

Marehemu ameacha mjane, Thresiakutty, binti, Jincy, mdogo wake, Porinju, na Sukhram, aliyepewa maji. Ameacha mitungi mitatu, kata, na banda ambalo halitafungwa kiangazi hiki wala kijacho. Ameacha pia ndoo moja nyekundu, ambayo iko kituo cha polisi na lebo yenye neno ambalo mtu huyu hakulistahili.

Familia inawaomba mkitoka hapa mpite bandani. Thresiakutty amekata tangawizi tangu alfajiri, na msipokunywa atakasirika. Kunyweni nyote, hata wewe wa langoni. Tukishakunywa, tunateremka pamoja hadi kituoni kuidai ndoo yetu, na kutoka kituoni tunakwenda kwenye lango la kampuni. Padre Varkey amesema atatembea nasi.

Lonappan, kaka yetu, pumzika kwa amani, umefanya kazi yako. Mama alisema kwanza maji, maswali baadaye. Maji tumeshatoa.