Mukasa wa Mageti na Daraja la Juba

Mimi Erifazi, binamu ya marehemu, ndimi ukoo ulionichagua kusoma wasifu wake leo, na hawajakosea, maana haya mengi niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mwenye kubisha asimame tumuone.

Mukasa Lawrensi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1984, Mityana, Uganda, mzito hivi kwamba mkunga aliita mtu wa pili wa kusaidia kumbeba, akasoma mpaka darasa la saba, mwalimu wa hesabu ndiye alimkimbia yeye, kisha akajifunza kuchoma vyuma, na mwaka 2011 akapitia mpakani Nimule kuja Juba. Hapa mtaani Gumbo nusu ya mageti ni mkono wake, na geti la Mukasa hata ndovu akilisukuma anarudi porini kichwa kinamuuma.

Tarehe 6 Disemba 2014 alimuoa Cissy kanisani, watu wakala mpaka walio ng'ambo ya mto wakavimbiwa, Mungu akawapa Aidah na Austin.

Tarehe 19 Februari 2018 alianguka kutoka juu ya tangi la maji, mgongo ukaumia, akapewa vidonge vya tramadoli, maumivu yakaisha lakini hamu ya vidonge ikakataa kuisha, akavitafuta sokoni, akauza mpaka mashine ya kuchomea. Mwaka 2021 sisi wa ukoo, kwa akili zetu nyingi, tukamfungia chumbani mtaa wa Lemon Gaba mwezi mzima, bila vidonge, anatapika, mifupa inamlia, tukasema khalas, amepona, akatoka, akameza kiasi chake cha zamani, kumbe mwili ulishasahau kukihimili, pumzi ikakatika, na kama Cissy hangempulizia mdomoni tungemzika mwaka ule.

Cissy akatufukuza na makelele yetu, akampeleka kliniki moja Gurei, wakamwanzishia methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya vidonge, ya kunywa kila asubuhi mbele ya nesi Joy, na hakuna aliyemtukana.

Halafu iko ile habari nimewasimulia matanga yote, kwamba tarehe 2 Agosti 2021 alisimama kwenye Daraja la Juba, mimi pembeni, akatupa methadoni yote mtoni, mamba watatu wakasinzia, na tangu hapo hakuonja dawa tena. Jana Ngor, mshirika wake wa kazi, anayekunywa dawa hiyo hiyo na hajifichi, akatuambia hapa kwamba kama Mukasa aliweza, yeye pia haendi tena Gurei.

Tarehe 3 Mei 2025 kidonda cha tumbo kilipasuka, akapasuliwa, tarehe 5 akafariki, si kwa vidonge, wanaonong'ona huko nyuma wanyamaze.

Tunawashukuru madaktari waliopigana usiku kucha, nesi Joy, majirani wa Gumbo mliopika, na mafundi mliochonga jeneza ambalo hata mimi nalionea wivu.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa Ngor. Darajani sikuwepo, na Mukasa hakuwepo. Dawa unakunywa mbele ya nesi, angepata wapi ya kutupa? Nilitunga kwa sababu niliona aibu binamu yangu aishi kwa dawa, kumbe dawa ndiyo ilimrudisha kazini na kwa watoto wake, alikunywa mpaka mwisho, hata kitandani hospitali daktari hakumkatia. Ndugu yangu Ngor, kesho asubuhi nakupitia na pikipiki, tunaenda Gurei pamoja.

Mukasa, wewe pumzika kwa amani, Ngor niachie mimi.