Madina Alfani, Aliyefundisha Watu Kushikana

Ndugu, jirani na marafiki, poleni kwa msiba. Aliyelala mbele yetu ni Madina binti Alfani, dada yangu. Mimi Djamila, mdogo wake, nimepewa kazi ya kusimulia maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1982 hapa Kabondo, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani Papa Alfani na Mama Nuru. Shule ya msingi na sekondari alisoma katika mtaa huu huu.

Mwaka 2003 aliingia chuo cha ualimu hapa Kisangani, kitengo cha elimu ya viungo. Walifundishwa voliboli, dansi na judo. Mama alisita. Papa alitafuta kitambaa cheupe kizito, akamshonea kimono ya judo yenye mikono mirefu. "Kuanguka utaanguka, mutoto wangu," akamwambia, "lakini uanguke umevaa muzuri."

Kwa hiyo shida haikutoka nyumbani. Darasani alikuwa msichana pekee, tena Mwislamu, na vijana wale wenye adabu waliamua, bila kumuuliza, kwamba haifai kumgusa. Kwenye dansi alicheza akitazama ukuta. Kwenye judo alijiangusha mwenyewe na kuinuka mwenyewe, wenzake wakishikana wawili wawili. Mtihani ulihitaji mwenzi. Bila mwenzi, mwaka ungepotea. Aliniambia adabu ile ilimuuma kuliko matusi.

Mtihani ulipokaribia, Sébastien, mwanafunzi mwenzake, mtoto wa wavuvi wa maporomoko ya Wagenia, alimsogelea. "Dada Madina, kwetu kwa maji, mutu akiteleza tunamukamata, hatuulizi dini. Bon, niko naweza kukukamata?"

"Unakawia nini?" alijibu. "Niko nakungojea mwaka muzima!"

Madina akamwangusha pale pale. Alihitimu mwaka 2006.

Alifundisha katika shule za sekondari tangu 2007, na tangu 2013 katika chuo kilekile. Kabla hata ya salamu aliuliza, "Nani hana mwenzake?" Kidole kimoja hakivunji chawa, aliwaambia, na mtu mmoja hachezi judo. Aliyebaki peke yake alishikwa na mwalimu mwenyewe, na wengi walijuta, maana aliangusha kweli kweli.

Mwaka 2010 aliolewa na Moussa, fundi wa pikipiki wa mtaa wa Simi-Simi. Hawakujaliwa mtoto. Jioni walicheza rumba uani, redio ikiwa juu ya ndoo. Moussa alimkanyaga vidole kila wimbo, naye akacheka tu. Homa ya ghafla ilimchukua Moussa mwaka 2018. Kuanzia hapo Madina aliheshimiwa kama mjane: watu walimsalimu kutoka barabarani, wakapita.

Mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Uji na pondu ya majani ya muhogo mlileta, tunawashukuru, lakini mliviacha mlangoni. "Tumuache apumzike," mlisema, na mlisema kwa nia njema. Yeye alikuwa ndani, macho, akisikiliza viatu vyenu vikiondoka. Ninalisema hili kwa sababu linaniuma.

Jumanne tarehe 4 Februari 2025, hospitalini, binti yangu Ramla alisimama mbali na kitanda akiogopa kumsumbua. Madina akamwita: "Sababu gani unasimama kwa mulango? Kuya, ikala hapa. Nikamate mukono, siko yai." Ramla akakaa, akamshika. Alasiri ile ile Madina akakata roho, mkono wake ukiwa bado umeshikwa.

Ameacha mama yake mzazi, Mama Nuru, mimi mdogo wake, Ramla, na ninyi wanafunzi wengi mliojaa uani leo, ambao baadhi yenu hamjawahi kuingia nyumba hii.

Kupumzika, dada yangu alipumzishwa kupita kiasi. Mwenyezi Mungu ampe amani, na ampe pia watu wa kukaa naye karibu.