Bao la Mzee Mcha na Kete za Wanu

Ijumaa ya leo, tarehe 30 Juni 1972, Ndugu Mcha Makungu wa maabara yetu ya damu anatimiza miaka thelathini na mitatu ya kazi na anakabidhi ufunguo wa kabati. Kabati lenyewe halijafungika tangu 1958, lakini utaratibu ni utaratibu.

Aliingia mwaka 1939 kuosha chupa. Alipandishwa cheo mara tatu, na mara zote tatu barua ilimkuta akiosha chupa, kwa kuwa hakuridhika na uoshaji wa mtu mwingine. Mabwana wa zamani wakaondoka, Mapinduzi yakaja, vibao vya milangoni vikapakwa rangi upya. Mzee Mcha alikuwa vilevile ameinamia hadubini, akiuliza nani kachukua kitambaa chake cha kufutia kioo.

Kidude cha kuhesabia chembe za damu kiliharibika mwaka 1965. Tumeandika barua kumi na moja kuomba kingine. Nakala zimo katika faili, na faili ni zuri sana. Mzee Mcha hakungoja. Alileta bao kutoka kwake Chukwani, akaliweka kando ya hadubini. Upande wa juu wa bao ulikuwa ghala la kete, upande wa chini ulikuwa wa mgonjwa. Kila akihesabu chembe kumi, mkono ulihamisha kete moja kutoka juu kwenda chini, jicho likiwa bado kwenye hadubini.

Bao hilo lilipata heshima wakati wa homa ya kidingapopo, ile inayouma viungo hadi mtu mzima anatembea kama aliyekanyaga miba. Mdudu wake haonekani hata kwa hadubini yetu. Mzee Mcha alikuwa akisema mwizi si lazima umuone, hesabu alichoiba. Basi akahesabu kila siku vile vichembe vidogo vinavyogandisha damu. Mgonjwa ambaye kete zake zinapungua, na damu yake inazidi kuwa nzito katika kijibomba, huyo alimwandika kwa wino mwekundu: atazidiwa. Na mara nyingi alizidiwa siku ileile homa iliposhuka, jamaa walipokwisha kumshukuru Mungu na kukunja mkeka.

Daktari mmoja alimwita mpiga ramli. Mzee akamjibu kwamba mpiga ramli hupewa kuku, yeye hajapewa hata kitambaa. Na kweli, si kila mara alipatia. Yuko mzee wa Jozani aliyebakiwa na kete tatu, akaandikwa kwa wino mwekundu, naye asubuhi akaonekana dirishani anagombana na muuza embe.

Lakini yupo Wanu Miraji, na habari yake sharti iandikwe.

Mwaka 1969 Wanu alikuwa na miaka tisa. Siku ya kwanza wodini alikuwa na kete kumi na nane, siku ya pili kumi na moja, siku ya tatu nne. Mzee Mcha aliziacha hizo nne kwenye bao, akaenda kusali adhuhuri. Mkubwa mmoja aliyekuja kukagua usafi, ambaye jina lake nimelisahau kwa makusudi, akakaa kumngojea. Mbele yake kuna bao, kete zimepangwa, mpinzani hayupo. Mzaliwa wa Unguja afanye nini? Akala. Akazunguka, akala tena kete za ghalani, akalala pale kete ya mwisho ilipoangukia shimo tupu. Alipotosheka akaondoka, na upande wa Wanu ukabaki na kete kumi na tisa.

Karani mpya aliyetumwa kuchukua hesabu hakuuliza. Alihesabu mara mbili kwa uangalifu mkubwa, akapiga chapa: kumi na tisa. Daktari akaona homa imeshuka na chembe zimepanda, akatia saini mtoto aende zake.

Mzee Mcha aliporudi alilitazama bao mara moja tu. "Nani kacheza hapa?" Hakungoja jibu. Alikwenda mbio hadi langoni, kiatu kimoja mguuni. Bi Biasha, mama yake mtoto, alikwisha kumvisha binti yake gauni safi.

"Mrejeshe kitandani, Bi Biasha."

"Nimrejeshe kwa lipi? Homa imeshuka, na uji keshaomba! Karatasi ya daktari hii hapa."

"Homa imeshuka, na damu yake nayo inaharibika. Mwache hadi kesho. Kesho akiwa mzima, njoo unitukane mbele ya watu."

"Nitakutukana kweli, Mzee Mcha."

"Naam. Nami nitakuja nimekoga."

Magharibi ufizi wa Wanu ulitoka damu, na mikono yake ikawa baridi kama samaki. Lakini alikuwa kitandani, maji yanaingia kwenye mshipa, daktari yuko pembeni. Nyumbani asingekuwa na hata kimoja. Siku ya sita kete zilianza kupanda, mara hii bila msaada wa mkubwa yeyote. Tangu hapo hakuna mgonjwa wa kidingapopo anayeruhusiwa kwa homa peke yake. Lazima hesabu ya damu ije kwanza, tena iliyosainiwa na aliyehesabu.

Daktari alipouliza kosa lilitoka wapi, Mzee Mcha alisema, "Hesabu ilikuwa mbovu, nimeirudia." Hakumtaja mkubwa, wala karani. Karani yule angepoteza kazi katika wiki yake ya pili. Leo, baada ya miaka mitatu ya kunyamaza, namtaja karani: ni mimi ninayeandika haya. Mkubwa bado namwogopa, hasa kwa kuwa ameketi safu ya mbele.

Bao la zamani linabaki maabara, na kibandiko alichokibandika baada ya siku ile: HII NI DAMU YA MTU. Wafanyakazi tumechanga tukamnunulia jipya, kwa sababu imegundulika kwamba katika miaka yote hii Mzee Mcha hajui kulicheza. Kila akishika kete, anahesabu. Atakayemkabidhi ni Wanu, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye ameahidi kumfundisha na kumfunga.

Ahsante, Mzee wetu. Mungu akupe afya na umri mrefu huko Chukwani. Kula kete upendavyo, zunguka, lala. Safari hii hakuna mtu atakayeumwa.