Bibi wa Kasri Hasafiri

Wapendwa waombolezaji, kwa desturi yetu historia hii husomwa na ndugu wa kiume wa marehemu, lakini ndugu zake wako Bukoba na sisi tuko Guangzhou, kwa hiyo nitaisoma mimi, Odilia, mke wake, na sitaruka kitu.

Marehemu Wilbard Kaijage alizaliwa tarehe 9 Machi 1950 kijijini Kanyigo, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha sekondari mjini Bukoba hadi mwaka 1969, na mwaka 1972 akapelekwa Uskoti kusomea ufumaji wa nguo. Huko, ili apate cha kujikimu, kila Jumamosi na Jumapili alilinda picha katika Kasri la Dunmorrach, na moyo wake ukabaki hukohuko.

Kasri hilo nalijua kuliko ukoo wangu, maana nimesimuliwa miaka ishirini na moja: lilijengwa mwaka 1493, likaungua mara mbili, lina vyumba sitini na viwili, nguo za ukutani zilizofumwa mbwa wakimfukuza paa, na ukumbi mrefu wenye picha ishirini na nane za mabwana na mabibi wa ukoo ule, na ya kumi na tisa ni Bibi Isobel, aliyechorwa mwaka 1764 akiwa amevaa gauni la hariri ya kijani, ameshika tama kama aliyefiwa. Siku ya kuzaliwa ya bibi huyo marehemu aliikumbuka, yangu aliisahau.

Tulifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977, tukajaliwa Respicius mwaka 1979, na binti, tarehe 3 Mei 1982, ambaye marehemu alitaka aitwe Isobel, nikakataa katakata, nikampa jina la mama yangu, Jemimah. Ndiyo, nilimwonea wivu mwanamke aliyekwisha kuoza, na sijaacha.

Alifanya kazi kiwanda cha nguo Mwanza hadi mwaka 1995, tukaja huku Februari 1996 kununua vitambaa, naye akazunguka soko la Zhongda miezi minane akitafuta kijani kile, hata wauzaji wakamtania kwa kumwita laoban, yaani bosi, wa kijani, alipokipata akanishonea gauni, nikalivaa nikiringa, mpaka aliponiomba niketi dirishani nishike tama. Nililivua, nikalia. Mwezi uliofuata alimpa mchoraji wa hapa kadi ya posta ya kasri, akachorewa Bibi Isobel, akamtundika mbele ya kitanda chetu.

Agosti 1998 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akafariki Jumatano, tarehe 11 Novemba, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Siku mbili kabla aliomba, mbele ya jirani yetu Patrice, picha ile ikunjwe na kuwekwa ndani ya jeneza, na tangu juzi wazee wa jumuiya yetu wananisihi niheshimu wosia. Nimewasikia. Mwili unaondoka kesho uwanja wa ndege wa Baiyun, picha haiondoki, kwani niliyemuuguza na kumwogesha ni mimi, na kule kibanjani, shamba la ukoo wake Kanyigo, nafasi iliyo kando ya kaburi lake ni yangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Patrice na mkewe Marie-Claire waliotupikia siku zote hizi, na wafanyabiashara wenzake wa mtaa wa Guangyuan Xilu waliofunga maduka ili wawe nasi.

Lala kwa amani, mume wangu, peke yako, hadi nitakapokuja.