Miche Mitano ya Marehemu Mama Mkwe

Benchi ni langu, liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, lakini wanavyolikalia utadhani wamelirithi kwa babu zao. Kila asubuhi ni walewale: Fundi Saa, Kinyozi, na Mwalimu Mstaafu, ambaye hakuna somo asilolijua. Muuza kahawa huweka birika lake pembeni, anatusikiliza na hatii neno. Jana Fundi Saa alikuja na ndoo. Ndani mlikuwa na vijiti vitano vikavu, vimeshika udongo kidogo.

Shida yake tuliijua. Mkewe alipokwenda kumuuguza dada yake, alimwachia miche mitano ya rasiberi, yale matunda madogo mekundu. Aliing'oa mwenyewe kwenye bustani ya marehemu mama yake kabla nyumba haijauzwa, na mingine haipo. Kazi ilikuwa kuipanda uani na kuimwagilia, basi. Wiki tatu zimepita, hakuna hata jani, na mke mwenyewe alikuwa anarudi siku hiyohiyo.

— Nimeiua, — alisema Fundi Saa. — Kitu pekee alichobakiwa nacho cha mama yake, nami nimekiua.

Nilimwonea huruma kweli. Kinyozi wala. Alichukua kijiti kimoja, akakipapasa ncha, akasema tatizo lilikuwa nywele kuzidi. Ndiyo maana wiki ya kwanza alipita pale uani akaipunguza yote, kimyakimya. Fundi Saa akamkodolea macho. Siku zote alikuwa akiwasingizia panya.

Mwalimu akakohoa. Kupunguza hakudhuru, alisema, kitaalamu kunafaa. Kosa ni kwamba miche ilikuwa juujuu mno, akaenda mwenyewe kuididimiza.

— Lini? — nikauliza.

— Jumatano.

Jumanne, siku moja kabla, mimi ndiye niliyeipandisha. Niliiona imezama hadi shingoni, roho ikaniuma. Nikaona bora niseme tu, nikasema.

Kinyozi akadai basi imeshikwa na kizunguzungu. Mwalimu akakataa: mmea unamjua mwenyewe, hii imesusa kwa kukosa sauti ya mama mwenye nyumba. Kinyozi akapata wazo. Fundi Saa avae gauni la mkewe, ainame pale uani, aiongeleshe kwa sauti nyembamba.

Fundi Saa hakucheka. Alisema gauni lilimbana mabegani.

Kisha akatoboa yote. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa akiifukua miche, mmoja baada ya mwingine, kutazama kama mizizi inatembea, halafu anairudisha. Saa ikisimama unaifungua uone ndani kuna nini. Yeye hajui njia nyingine. Asubuhi ile alishindwa hata kuirudisha.

Hapo ndipo mkewe alipotokea, begi begani, katoka safari moja kwa moja. Akatusalimia vizuri, kisha akaiona ndoo. Alichuchumaa akaigeuza miche polepole. Chini kabisa, penye mizizi, kila mmoja ulikuwa na kichipukizi cheupe kama punje ya mchele. Kwenye minne kilikuwa kimevunjika. Kwenye wa tano kilikuwa kizima.

— Vinaanzia chini, — alisema, anakigusa kile kizima kwa ncha ya kidole. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. — Mama alikuwa anapanda, anamwagilia, anaondoka zake.

Fundi Saa aliinamisha kichwa. Mkewe akatutazama mmoja mmoja, Kinyozi, Mwalimu, mimi, akamalizia kwa mumewe.

— Hebu niambieni, shemeji zangu. Kuna siku hata moja mliiacha ikapumzika?

Kinyozi akakumbuka ana mteja, ila hakuinuka. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa vidole, akakiacha kidole cha kwanza hewani. Mimi nikaokota kiatu ambacho nilishakishona juzi.

Muuza kahawa ndiye aliyetuokoa. Alisema kahawa imekwisha, na baraza nalo limekwisha, akanyanyua birika lake kwa mikono miwili, maana lilikuwa bado zito, akaondoka.