Dedan Kiarie Wainaina, Aliyeifundisha Kompyuta Kusema Pole

Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya ndugu yetu Dedan Kiarie, kitinda mimba wa marehemu Mzee Wainaina na Mama Wangeci wa Kabiria. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979. Alisoma papo hapo Kabiria, akamaliza sekondari mwaka wa 1997, kisha akasomea kompyuta Ngara. Redio ya nyumbani aliifungua kwa bisibisi mara nyingi kuliko ilivyowashwa.

Mwaka wa 2002 aliajiriwa River Road, katika duka la kuchapa kadi za harusi na programu za mazishi, vile vijitabu vya wasifu na nyimbo. Kompyuta zilikuwa kuukuu, za kuandikiwa amri kwenye skrini nyeusi. Kila marehemu alikuwa na folda yenye jina lake, na akishazikwa inafutwa ili nafasi ipatikane. Wiki moja wakawa na akina Kisilu wawili. Nyawira, msichana wa kupanga kurasa, akamfuta yule ambaye hajazikwa. Skrini ikamwambia tu, "Haipo." Na familia ilikuwa njiani kuja kuchukua programu. Nyawira akalia. Dedan akamwambia asiguse kitu, akahangaika mpaka Kisilu akarudi, picha na nyimbo zote.

Tangu hapo akasema hakuna mtu atakayefuta kitu akaachwa peke yake na "haipo". Akapanga kila kinachofutwa kiwekwe kando kwanza, kisha akaanza kutafuta maneno ambayo skrini itamwambia aliyefuta. Aliyajaribu jikoni kwa dadake Mwihaki, aliyesoma hadi darasa la saba.

"Soma hii, Mwihaki."

"'Hitilafu. Folda imeondolewa.' Sasa nifanye nini? Umenishtua tu."

"Si uandike rudisha."

"Imeniambia wapi? Na kwanza iniambie pole."

"Kompyuta iseme pole?"

"Si ni wewe unaisemesha?"

Dedan alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini aliandika vile alivyoambiwa.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na huyo huyo Nyawira. Mungu akawajalia Wangeci na Wainaina.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2022. Alipokwenda kusafishwa damu, aliwachekesha wauguzi hadi wakawa wanamgombania. Alituacha Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa za ibada ya asubuhi, Nyawira akiwa amemshika mkono.

Jumatano Nyawira alikuwa dukani akiipanga programu hii mwenyewe, Mwihaki kando yake. Kulikuwa na Kiarie mwingine, aliyekwisha kuzikwa. Nyawira akafuta folda, kisha akatambua ni ya mumewe. Picha ya Dedan akicheka ilikuwa humo tu. Skrini ikaandika:

"Pole. Umefuta folda ya KIARIE. Hakuna kilichopotea, nimeiweka kando. Usizime mashine. Ukitaka irudi, andika rudisha."

Nyawira akacheka huku machozi yakimtiririka. "Baba Wangeci, hata leo," akasema. Akaandika. Ndiyo hiyo picha mliyoishika.

Ameacha mjane, Nyawira, watoto, Wangeci na Wainaina, dadake Mwihaki, na wenzake wa River Road, ambao bado wanafuta vitu. Sisi tunaamini Bwana amemweka kando kwa muda tu. Alale salama mpaka atakapoitwa arudi.