Zamu ya Nimpaye

Kijiwe cha Yahaya pale Rusumo kina benchi moja refu, birika la kahawa na kilema chake: ukikaa ncha ya kushoto simu inakukaribisha Rwanda, ukisogea kulia inarudi Tanzania bila hata kuaga. Jioni hiyo Thobias, katekista, alikuwa amelihama benchi lote kwenda na kurudi kama mtu aliyekalia siafu. Ulikuwa Oktoba, mwezi wa Rozari, mwaka wa pili tangu Warundi waanze tena kumiminika mpakani. Sanamu ya Bikira Maria ilikuwa inatembea nyumba kwa nyumba katika jumuiya yao, inalala usiku mmoja kila kaya, na aliyeilaza ndiye anayeipeleka kwa mwenzake. Jana ililala kwa Desderius. Leo ni zamu ya Nimpaye, na Nimpaye anaishi katika kambi ya wakimbizi.

Alipovuka na wanawe kutoka Burundi, mama huyu alikaa kwanza jikoni kwa Marsiana, mwanajumuiya mmoja, akasali na jumuiya. Alipohamishiwa kambini, Thobias alimwingiza kwenye kundi la wasapu na kumwambia mbele ya wote, “Wewe ni mwenzetu kabisa, huku hakuna mgeni.” Tangu hapo Nimpaye akawa anafungua kundi kila alfajiri kwa wimbo. Watu waliozoea kurushiana picha za maua na salamu za Jumapili wakaanza kusali kweli. Desderius na Kalista, waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, wakajikuta wanaitikia wimbo mmoja.

Mfukoni mwa Thobias mlikuwa na ujumbe wa sauti wa Nimpaye tangu asubuhi. Hakuwa na moyo wa kuufungua.

— Sasa Katekista, tufanyeje? aliuliza Desderius. Yeye ni wakala wa forodha, na kijiwe kinamwita Konteina kwa kuwa hakuna mzigo uliowahi kumshinda kuvusha.

— Pale geti la kambi wanataka kibali, aliendelea.

— Mmekiomba lini? Yahaya aliuliza huku anamimina.

Desderius alikohoa. Thobias akageukia foleni ya malori kana kwamba lake lilikuwamo.

— Mimi Mwislamu, nimeuliza tu, alisema Yahaya.

— Tupige picha! Desderius alichangamka. Naituma kundini: “Mama amefika, Nimpaye mpokee.” Kazi imekwisha.

— Picha inalala? aliuliza Shibuda, dereva mstaafu. Huyu wanamwita Waziri, maana hujibu hata maswali asiyoulizwa.

— Zamu ni kulala, aliendelea. Mpige simu ya video. Moja mbele ya sanamu, nyingine kwa yule mama, mpaka kuche.

— Bando la mpaka kuche unatoa wewe? Desderius alimrudia.

— Basi padri aibariki simu yako, iwe badala ya sanamu. Ipelekwe na bodaboda.

— Simu yangu hii? Nitamtukania wapi mteja?

— Wewe ndiye hustahili, simu haina kosa. Halafu kuna jambo zito hamjaliona. Shibuda alishusha sauti. Ukituma kutoka ncha hii ya benchi, sala inapitia Kigali kwanza. Je, wakiizuia?

— Hawawezi. Huo ni mzigo wa kupita tu, hautozwi ushuru.

— Wataufungua waukague!

— Rozari? Wakague nini, shanga?

Kijiwe kilicheka, na Thobias akacheka nusu, kisha akahama tena nafasi. Simu yake ikamkaribisha Rwanda.

— Lakini Konteina, alisema Yahaya, juzi umevusha jenereta kubwa kama nyumba mpaka Kongo. Leo sanamu ya kimo cha chupa ya chai inakushinda geti moja?

— Jenereta lina mwenyewe, Yahaya. Mwenyewe ananipigia kila saa: limefika wapi, limefika wapi. Siwezi kulala.

Maneno hayo yalimchoma Thobias kuliko aliyeyasema alivyokusudia. Alitaka jambo hili liishe, hata vibaya, ilimradi liishe.

— Tumruke, alisema. Ipeleke kwa Kalista. Nimpaye ni mtu mwelewa.

— Umemwambia? aliuliza Yahaya.

— Namwandikia sasa hivi.

Akatoa simu. Shibuda, ambaye macho yake hayajawahi kustaafu, akainama juu yake.

— Mbona kuna ujumbe wake hujausikiliza? Pengine naye ameghairi. Akanyoosha kidole, akabonyeza.

Sauti ya Nimpaye ikatoka, na nyuma yake viti vinaburutwa na watoto wanakemewa.

— Katekista, shikamoo. Amahoro, amani iwe kwenu. Nimeshafagia. Viti nimeazima kwa majirani, na wao wanakuja kusali na sisi. Kitambaa cha meza sina, nimetandika kanga yangu ile niliyovuka nayo mpaka, nimeifua. Watoto nimewaogesha mapema, sasa naogopa watachafuka tena. Nauliza tu, mtafika saa ngapi?

Desderius alichungulia kikombe chake kama kuna kitu kimedondokea humo. Shibuda alikirudisha kidole chake mfukoni. Yahaya aliinamisha birika, yakatoka masimbi matupu, akalirudisha jikoni polepole.

Thobias aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alibonyeza alama ya kurekodi ili ajibu, akashikilia, akafungua mdomo. Lori likapiga honi. Upepo ukapita. Kidole kikachoka, akaachia, na ujumbe ukaenda hivyo hivyo, hauna neno hata moja.

Walikaa wanaitazama simu. Tiki mbili zikageuka buluu. Kisha ikatetemeka, na safari hii Thobias aliufungua mwenyewe.

— Mtandao wenu mbaya leo, Katekista, sijasikia kitu. Umesema saa ngapi?